Vitone vyekundu havipimi hatari ya moto

Kila kiangazi naletewa swali lile lile: "Mtaalamu, mbona mji wetu hauna kitone hata kimoja? Si tuko salama?" Anayeuliza ameshika simu, kafungua ramani ya NASA ya mioto. Nimechoka kulijibu nusunusu.

Kitone kinasema jambo moja tu: setilaiti ilipopita, mahali fulani palikuwa na joto lisilo la kawaida. Kwa kifaa cha VIIRS, "mahali" ni mraba wa mita 375, yaani hekta 14 hivi, na kitone huwekwa katikati yake hata kama moto uko pembeni. Niliwahi kuonyeshwa kimoja kimekaa juu ya paa la msikiti. Kilichokuwa kikiungua ni shamba ng'ambo ya mto. Tena setilaiti zinazobeba VIIRS hupita mnamo saa saba na nusu, mchana na usiku. Moto wa majani ulioanza saa kumi jioni na kuzimika saa mbili usiku huweza kupita bila kuacha alama yoyote.

Kinachonikera zaidi ni kuhesabu vitone vya miaka iliyopita, palipo vingi pakaitwa hatari na pasipo navyo pakaitwa salama. Nyika inayoungua kila mwaka haipati muda wa kulimbikiza majani. Mimi naogopa pori la pembeni mwa mji ambalo halijaguswa na moto kwa miaka mingi.

Tazameni Lahaina, kisiwani Maui, Hawaii. Kiwanda cha sukari kilifungwa mwaka 1999, mashamba ya miwa yakaachwa, yakavamiwa na majani ya kigeni. Mojawapo ni jani la Guinea, lenye asili ya huku kwetu Afrika, ambalo likikomaa humfunika mtu mzima. Tarehe 8 Agosti 2023, moto wa asubuhi uliodhaniwa umezimwa uliwaka tena kabla ya saa tisa alasiri. Upepo mkali ulioshuka kutoka milimani ukausukuma hadi baharini, ukapita katikati ya mji. Watu 102 walikufa. Anayekariri kwamba moto hukimbia ukipanda mlima angeuona mji huo, ulioko chini, kuwa na nafuu. Ndiyo maana upepo wa kuweka kwenye ramani ya hatari ni ule wa siku mbaya kabisa. Wastani wa mwezi hausaidii.

Mkitaka ramani ya kweli ya hatari, programu ya QGIS ni bure. Pakueni data ya mwinuko ya SRTM, picha za Sentinel-2 za mwisho wa kiangazi, nyumba na barabara za OpenStreetMap. Pandanisheni majani makavu, mteremko, upepo, mapaa ya makuti. Mtaa wenye njia moja ya kutokea upeni uzito mkubwa. Kisha mkahakiki kwa miguu, maana setilaiti haioni banda la makuti chini ya mwembe. Ramani ifike kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya Juni, ukanda ufyekwe upande unakotokea upepo, na kila nyumba iondoe kuni na majani makavu yaliyo ndani ya mita moja na nusu kutoka ukutani.