Kabla ya kupeleka mashine ya kufua katika nyumba ya etaje



Kazi ya kufua nguo wengi wetu tunaijua tangu beseni na sabuni ya kipande. Siku hizi hapa Bukavu nyumba za etaje zinaongezeka, zaidi upande wa Ibanda, na wapangaji wengi hawana uwanja wa kufulia wala kamba ya kuanikia. Mama mmoja wa kikundi chetu aliona kazi pale.

Alikuwa na mashine moja katika kaduka kake, na kazi ilikuwa inatembea. Siku moja mwenye nyumba ya etaje akamwambia: «Mama, weka mashine ingine huku chini. Nakupa chumba, wapangaji watakuwa wateja wako.» Akakopa katika akiba ya kikundi, akanunua mashine. Hakuna kilichoandikwa.

Miezi mitatu ilikuwa mizuri. Mwezi wa nne faktire ya maji ikapanda. Kontere ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na wapangaji wote wakamnyooshea kidole. Mwenye nyumba akamdai alipe nusu ya faktire. Hakuwa na njia ya kuonyesha maji aliyotumia. Akatoka na mashine yake, deni likabaki. Mimi nilijua habari hii darasani, kwa sababu binti yake alianza kukosa masomo.

Tuliketi pamoja na kalamu. Mashine ya kilo 7 yenye mlango wa mbele hutumia karibu litre 50 kwa kufua mara moja. Akifua mara 4 kwa siku, ni litre 200, yaani bidoni 10 za litre 20. Kwa siku 25 ni litre 5.000, ndiyo metre kibe 5. REGIDESO inahesabu kwa metre kibe. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi, lakini ilifanywa nyuma ya ugomvi.

Mambo haya yaandikwe mbele mashine haijaingia:

1. Maji na umeme. Omba kontere ndogo yako peke yako, na muandike namba yake siku ya kwanza, wote wawili mukiwa pale. Katika mashine, kinachokula umeme zaidi ni kupasha maji moto. Nguo za kawaida zifue kwa maji baridi.

2. Mahali pa kuanika. Kwetu mvua inanyesha tangu mwezi wa tisa hadi wa tano. Chumba bila mahali penye paa na upepo hakitoshi.

3. Feza. Kule Marekani, mwenye mashine na mwenye nyumba mara nyingi wanagawana mapato kufuatana na mkataba. Munaweza kugawana, ao ulipe kodi ya chumba kila mwezi. Chagueni moja, usikubali kudaiwa zote mbili bila kuhesabu.

4. Muda. Kama mkopo wako ni wa miezi 12, mkataba usiwe chini ya miezi 12. Andikeni pia ni miezi mingapi ya kuonya mbele ya kuachana.

5. Nguo za watu. Uwe na daftari: jina, hesabu ya nguo, sahihi. Andika pia nani atalipa nguo ikipotea.

Wengine wataambiwa: «Mulete bwana yako atie sahihi.» Mujue kwamba sheria ya familia ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na lazima ya mke kuomba ruhusa ya bwana iliondolewa. Sasa inataka bwana na bibi wapatane; wakishindwa, anayeumizwa anaweza kwenda kwenye tribinali ya amani. Basi tuongee nyumbani mapema, tusifiche mkopo, lakini tusikubali kuambiwa kwamba sahihi ya mama haina nguvu.

Mwenzetu amepata chumba katika nyumba ingine. Mkataba wake ni ukurasa moja tu, nakala mbili, na kontere yake iko ukutani. Deni halijaisha, lakini analipa kila mwezi, na binti amerudi darasani.

Amekubali tusome karatasi yake katika mkutano wa juma lijalo. Mwenye kufikiria kazi kama hii aje na daftari na kalamu.