Mavuno Yasiyotosha (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi mpango wa bure wa Netflix ulivyoingia Kenya Septemba 2021. Mwenye simu ya Android pale Kibomet, Trans Nzoia, aliweza kutazama takriban robo ya filamu na tamthilia zake bila kulipa na bila kukatizwa na matangazo. Alihitaji bando tu. Tarehe 1 Novemba 2023 mlango ukafungwa. Walioudhika walidhani kampuni imeishiwa. Sivyo, na hapa inafaa tukae kidogo.

Mkulima wa Trans Nzoia akivuna magunia 20 kwa ekari mwaka huu, na mwakani avune 20 tena, hakuna jirani atakayesema shamba limemshinda. Atalipa karo, atanunua mbolea, atalala usingizi. Kampuni iliyo kwenye soko la hisa haipewi usingizi huo. Anayenunua hisa hatazami faida ya leo pekee. Ananunua matumaini kwamba kesho itakuwa kubwa zaidi, na bei aliyolipa imeshaihesabu kesho hiyo. Ndiyo maana Aprili 2022, Netflix ilipotangaza kupoteza wateja 200,000 kati ya zaidi ya milioni 220 katika miezi mitatu, hisa zake zilianguka kwa takriban asilimia 35 kwa siku moja. Katika miezi mitatu hiyohiyo ilikuwa imepata faida ya zaidi ya dola bilioni 1.5!

Tangu hapo kila penye tone pakakamuliwa. Novemba 2022 ukaja mpango wenye matangazo katika nchi kadhaa. Februari 2023 Kenya ikapunguziwa bei, kwa kuwa huku bado kulikuwa na watu wa kusajiliwa. Mpango wa bure nao ulikuwa chambo, na mvuvi haachi chambo majini milele. Siilaumu biashara kwa kutafuta wateja. Ninalaumu kipimo kinachogeuza kutosha kuwa kosa.

Lililoniuma zaidi ni la Mei 2023, kampuni ilipoanza, katika zaidi ya nchi 100, kuzuia watu wa nyumba tofauti kutumia nywila moja. Akaunti, ikasema, ni ya wanaoishi nyumba moja. Kwetu nyumba si paa. Baba yuko Kibomet, nyanya yuko Bungoma, kitinda mimba yuko chuoni Eldoret, na karo, unga na dawa vyote hutoka mfuko mmoja. Kwa hesabu ya kampuni, hizo ni nyumba tatu.

Itaendelea.