Sahihi ya Mpigakura: Njia ya Mgombea Huru hadi Karatasi ya Kura

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa sana kuhimiza uwekaji wa akiba, lakini inaeleza vyema pia namna jina la mgombea asiye na chama linavyofika katika karatasi ya kura. Siku ya uchaguzi mpigakura huona jina, picha, alama na kisanduku kitupu. Haoni safari iliyolifikisha jina hilo pale. Mgombea wa chama hubebwa na uteuzi wa chama chake. Mgombea huru hana budi kwenda nyumba kwa nyumba, soko kwa soko, akikusanya sahihi za wananchi wanaokubali kwamba jina lake lipigiwe kura.

Makala haya yanaeleza utaratibu huo kwa kurejelea Kenya, kisha yanautazama kwa ufupi ule wa Tanzania. Aidha, yanashikilia kwamba mizozo mingi kuhusu sahihi hizi inatokana na swali la kimsingi ambalo halijibiwi wazi: anayetia sahihi anafanya tendo gani hasa? Msomi wa Kiswahili ana nafasi yake katika kulijibu, kwa kuwa lugha yenyewe imempa zaidi ya jibu moja.

Istilahi na maana zake

Neno "mgombea" limetokana na kitenzi "gombea", ambacho ni kauli ya kutendea ya "gomba". Mgombea basi ni mtu anayeshindania jambo na wenzake. Nchini Kenya, asiye na chama huitwa "mgombea huru"; nchini Tanzania huitwa "mgombea binafsi". Istilahi ya kwanza inasisitiza kutofungwa na chama. Ya pili inasisitiza kwamba mtu amejileta mwenyewe.

Neno "sahihi" nalo lina asili ya Kiarabu na limebeba maana mbili: jambo lisilo na kosa, na alama ya mkono inayothibitisha hati. Maana hizi mbili zinakutana katika mada hii. Sahihi iliyoghushiwa ni sahihi isiyo sahihi, na kazi kubwa ya wasimamizi wa uchaguzi ni kuzitenga hizo mbili.

Kwa kitendo cha mwananchi anayetia sahihi, Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyotumiwa kana kwamba ni kimoja. "Kuunga mkono" ni kuwa upande wa mtu. "Kupendekeza" kumejengwa juu ya mzizi wa "penda" kupitia "pendeka": ni kumweka mtu mbele ya wengine ili wao waamue iwapo anapendeka. "Kudhamini" kunatokana na dhamana, yaani kukubali kubeba jukumu la mwenzako iwapo atashindwa kutimiza ahadi. Tofauti hizi zitarejelewa baada ya kueleza sheria yenyewe.

Mabadiliko ya mwaka 2010

Chini ya Katiba ya zamani ya Kenya, hakuna aliyeweza kugombea urais au ubunge bila kuteuliwa na chama cha siasa. Kurejea kwa mfumo wa vyama vingi mwaka 1991 kuliongeza idadi ya milango, lakini kila mlango ulikuwa wa chama. Aliyenyimwa tiketi katika mchujo alilazimika kutafuta chama kingine, hata kama hakukubaliana na sera zake.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilileta njia mpya. Kifungu cha 85 kinamruhusu mtu kuwa mgombea huru mradi si mwanachama wa chama kilichosajiliwa, na hajawa mwanachama kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Sharti la muda linakusudia kumzuia mwanasiasa kukihama chama chake dakika za mwisho kwa sababu tu ameshindwa katika mchujo.

Idadi ya sahihi hutegemea wadhifa. Anayewania kuwa mwakilishi wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapigakura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo. Anayewania kiti cha Bunge la Kitaifa anahitaji 1,000 katika eneobunge lake, na wa Seneti 2,000 katika kaunti yake. Mgombea urais, awe wa chama au awe huru, hupendekezwa na wapigakura wasiopungua 2,000 kutoka katika kila kaunti, katika kaunti zaidi ya nusu.

Hesabu ya urais inahitaji kufafanuliwa. Kenya ina kaunti 47, hivyo zaidi ya nusu ni 24. Kiwango cha chini kabisa ni sahihi 48,000. Hata hivyo, wingi peke yake hautoshi. Tuseme mgombea amekusanya sahihi 10,000 katika kila moja ya kaunti 23, kisha 1,999 katika kaunti ya ishirini na nne. Jumla yake ni 231,999, karibu mara tano ya kiwango kinachohitajika, na bado hajafuzu. Sheria inadai mtawanyiko. Wazo hilohilo linajitokeza katika kumtangaza mshindi, ambaye pamoja na kupata zaidi ya nusu ya kura zote, hana budi kupata angalau asilimia 25 ya kura katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu. Anayetaka kutoka na ushindi wa kitaifa hudaiwa kuingia na sura ya kitaifa.

Utaratibu wa ukusanyaji na uhakiki

Mgombea huru huanza kwa kuhakikisha kwamba jina lake halimo katika orodha ya chama chochote. Kisha huchagua alama ya uchaguzi na kuiwasilisha kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ili iidhinishwe, kwani hana alama ya chama ya kuegemea. Baada ya hapo ndipo kazi ya sahihi huanza. Kila anayemwunga mkono huandikwa jina na nambari ya kitambulisho, kisha hutia sahihi. Orodha hizo huwasilishwa kwa msimamizi wa uchaguzi siku iliyopangwa, pamoja na ada na stakabadhi nyingine.

Uhakiki hujibu maswali machache: je, aliyetia sahihi yupo katika sajili ya wapigakura? Je, amesajiliwa katika eneo husika? Je, ni yeye kweli aliyeandika? Kwa mgombea huru kuna swali jingine: je, anayemwunga mkono ni mwanachama wa chama? Kanuni zilizotumika katika uchaguzi wa 2022 zilitaka asiwe.

Sharti hili la mwisho linaonekana dogo mpaka pale linapolinganishwa na jambo lililotokea Juni 2021. Wakenya wengi walipoangalia hali yao kupitia jukwaa la serikali la eCitizen, waligundua kwamba waliandikishwa kuwa wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mwananchi wa namna hiyo anaweza kumtilia mgombea huru sahihi kwa moyo safi, na sahihi hiyo ikawa hatarini kukataliwa kwa sababu ya sahihi nyingine ambayo hakuitia kamwe. Udanganyifu wa mahali pamoja humwadhibu mkweli wa mahali pengine.

Kutoka 2017 hadi 2022

Katika uchaguzi wa Agosti 2017, wagombea watatu kati ya wanane wa urais walikuwa huru: Joseph Nyagah, Michael Wainaina na Japheth Kaluyu. Katika kaunti, njia hiyo ilizaa hata ushindi. Mohamed Kuti alichaguliwa gavana wa Isiolo na Nderitu Muriithi wa Laikipia, wote wakiwa huru. Katika uchaguzi wa Agosti 9, 2022, karatasi ya urais ilikuwa na majina manne, na yote yalikuwa ya vyama.

Mzozo mkuu wa 2022 ulihusu ushahidi. Wagombea walitakiwa kuambatisha nakala za vitambulisho vya waliowaunga mkono. Kwa mgombea urais, hizo ni nakala 48,000 kwa uchache. Waliotetea sharti hilo waliona kwamba ni kinga dhidi ya majina ya kubuni. Waliolipinga walitaja gharama ya kunakili, ugumu wa kupata mashine za kunakili vijijini, na hofu ya mwananchi kumpa mtu asiyemjua nakala ya kitambulisho chake. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ilitamka kwamba kanuni ya nakala inakiuka Katiba. Msanii wa nyimbo za Injili Reuben Kigame, ambaye ana ulemavu wa kutoona, alikataliwa kuwa mgombea huru wa urais. Alikwenda mahakamani, lakini siku ya kura jina lake halikuwamo.

Mfano wa Tanzania

Nchini Tanzania, mgombea urais huhitaji wadhamini. Sheria iliyotumika hadi uchaguzi wa 2020 ilidai wapigakura wasiopungua 200 kutoka katika kila mkoa, katika mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar. Mtawanyiko unadaiwa huko pia. Tofauti ni kwamba wadhamini hawachukui nafasi ya chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga hali hiyo mahakamani kwa miaka mingi. Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba katazo la mgombea binafsi linakiuka haki za raia. Mtikila alifariki mwaka 2015, na hata katika uchaguzi wa Oktoba 2025 aliyetaka kugombea alihitaji chama.

Anayetia sahihi anafanya nini?

Sasa vitenzi vitatu vinaweza kupimwa. Iwapo kutia sahihi ni kudhamini, basi ni haki kumdai mdhamini ushahidi mzito, kwa kuwa amejifunga. Lakini hakuna mdhamini wa mgombea anayelipa chochote mgombea huyo akishindwa au akivunja ahadi. Dhamana hapa ni sitiari tu. Iwapo ni kuunga mkono, basi orodha ya sahihi inageuka kuwa orodha ya wafuasi, na mwananchi amelazimishwa kufichua mapema jambo ambalo kura ya siri inamruhusu kulificha.

Kupendekeza ndiko kunakolingana zaidi na lengo la utaratibu huu. Anayependekeza husema tu kwamba mtu huyu anastahili kuwekwa mbele ya wananchi wapimwe naye. Anaweza kumpendekeza mmoja na kumpigia kura mwingine bila kujipinga. Tendo la namna hiyo linastahili kuhakikiwa kwa kulinganisha jina, nambari na sajili, ambayo Tume yenyewe inaimiliki. Mzigo wa ziada humwelemea zaidi asiye na fedha wala mtandao wa chama, na huyo ndiye aliyefunguliwa njia mwaka 2010.

Hitimisho

Ni kweli kwamba karatasi ya kura haiwezi kubeba kila jina, na kwamba sahihi za kughushi zinawadharau wapigakura. Kizingiti hakina budi kuwapo. Hata hivyo, urefu wake haupimwi kwa idadi ya sahihi pekee. Kiwango cha 48,000 kilikuwa kilekile mwaka 2017 na mwaka 2022. Namna ya kuzithibitisha ndiyo iliyobadilika. Wataalamu wa Kiswahili wanaotafsiri sheria na fomu za uchaguzi wana wajibu wa kuteua kitenzi kimoja na kukitumia bila kuyumba, ili mwananchi anayeshika kalamu mlangoni pake ajue anachokubali, na afisa anayeipokea karatasi yake ajue mpaka wa anachoweza kumdai.