Saa Zinapopingana: Wapelelezi Wanavyozipanga Upya Dakika za Uhalifu

Kupanga upya tukio la uhalifu kwa saa na dakika ni kazi ya kukutanisha vyanzo ambavyo kila kimoja kina kasoro yake. Kamera ya dukani inaonyesha saa 3:12 usiku, risiti ya kituo cha mafuta cha jirani inasema 3:05, mlinzi anaapa kwamba ilikuwa saa tatu na nusu hivi, na huenda wote watatu wanazungumzia dakika ileile. Mpelelezi mzembe huchagua saa moja inayompendeza, nyingine akazitupa. Anayeijua kazi huanza kwa kuuliza kila saa imetoka wapi.

Mashine ndizo rahisi kuhojiwa. Saa ya kamera za ulinzi hutegeshwa na fundi siku anapozifunga, kisha husahaulika. Kwa kuwa saa za aina hiyo hukimbia au kuchelewa kidogo kidogo, baada ya miaka miwili pengo linaweza kufikia dakika kadhaa. Umeme ukikatika wakati betri ya ndani imekufa, hata tarehe huharibika. Dawa yake haina gharama: kabla ya kugusa chochote, mpelelezi hupiga picha moja inayoonyesha skrini ya kamera pamoja na simu iliyopata saa yake kutoka kwenye mtandao. Kamera ikiwa mbele kwa dakika 7, dakika 7 huondolewa katika kila kilichorekodiwa usiku ule. Mwenye duka akiwahi kuirekebisha saa hiyo kwa nia njema kabla polisi hawajafika, kipimo kimepotea. Hapo hubaki kutafuta tukio lililonaswa na vyanzo viwili, kama gari moja kupita mbele ya kamera mbili, au umeme kukatika mtaa mzima, ili chanzo kimoja kikisahihishe kingine.

Rekodi za kampuni za simu huaminika zaidi, ila nazo zina mitego. Ujumbe wa kupokea pesa kwa simu hubeba saa mbili tofauti: saa ya muamala iliyoandikwa ndani ya ujumbe, na saa ujumbe ulipoingia. Simu ikiwa imezimwa, kati ya hizo mbili panaweza kupita usiku mzima. Kompyuta nyingi zinazohifadhi kumbukumbu za mitandao hutumia saa za kimataifa, zilizo nyuma ya saa za Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 3. Pengo la saa 6 kamili lina chanzo chake kinachojulikana Afrika Mashariki: shahidi amesema saa mbili usiku, karani akaandika 2 mahali palipopaswa kuwa 8. Mapengo ya namba kamili kama hayo mara nyingi ni makosa ya kuhesabu tu, na ni vibaya kumwita mtu mwongo kabla ya kuyakagua.

Kwa binadamu mambo huwa magumu zaidi, hasa wanapoulizwa tukio lilichukua muda gani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1987, mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake waliwaonyesha watu filamu ya wizi wa benki yenye urefu wa sekunde 30. Makadirio ya watazamaji kwa wastani yalikuwa karibu mara tano ya muda huo. Hofu na mshtuko huurefusha muda, na shahidi anayesema purukushani ilidumu dakika kumi anaweza kuwa mkweli kabisa huku akikosea vibaya.

Kilicho imara zaidi katika kumbukumbu ni mfuatano: nini kilitangulia, nini kikafuata. Kwa hiyo mhojaji mzuri haulizi tu ilikuwa saa ngapi. Huuliza kama adhana ya magharibi ilikuwa imeshasikika, kama taarifa ya habari ilikuwa imeanza, watoto walikuwa wamekula au bado. Alama hizo nazo hupimwa, maana hata adhana hupishana kwa dakika chache kati ya msikiti na msikiti. Shahidi akitaja saa, swali linalofuata ni aliiona wapi, na saa hiyo yenyewe huwa sahihi?

Uzito wa swali hilo unaonekana wazi katika kesi ya William Herbert Wallace, wakala wa bima wa Liverpool, Uingereza. Usiku wa tarehe 19 Januari 1931, mtu aliyejiita Qualtrough alipiga simu kwenye klabu ya sataranji ambayo Wallace alikuwa mwanachama wake, akaacha ujumbe kwamba Wallace afike kesho yake saa 1:30 usiku katika nyumba namba 25, Menlove Gardens East. Wallace alikwenda, akazunguka akiulizia, na kubaini kwamba mtaa huo haupo. Aliporejea nyumbani, mnamo saa 2:45 usiku, mkewe Julia alikutwa sebuleni amekufa kwa kupigwa kichwani mara nyingi.

Wakati wa simu hiyo ulijulikana kwa bahati tu. Kibanda cha simu kilichotumika kilikuwa na hitilafu, opereta akalazimika kuandika kumbukumbu ya saa 1:20 usiku. Ilibainika pia kwamba kibanda chenyewe kilikuwa mita zisizofika 400 kutoka nyumbani kwa Wallace. Upande wa mashtaka ukadai Wallace alijipigia simu mwenyewe ili ajitengenezee safari ya kumtetea. Saa hazikulikataa dai hilo, lakini wala hazikulithibitisha.

Dakika zilizobeba kesi ni zile za jioni ya tarehe 20. Kondakta wa tramu alimweka Wallace mbali na nyumbani kwake saa 1:06 usiku. Wapelelezi walipoijaribu safari hiyo wenyewe, mbio zao za haraka zaidi zilichukua dakika 17, hivyo hakuweza kuondoka nyumbani baada ya saa 12:49 jioni. Mtu wa mwisho kumwona Julia akiwa hai alikuwa mvulana wa kupeleka maziwa. Wenzake walisema aliwaambia kwamba alimwona saa 12:45. Mbele ya mahakama, akianzia na saa ya kanisa aliyoipita saa 12:25, alisema ilikuwa kama saa 12:30. Mvulana wa magazeti, naye akitegemea saa ya kanisa hilohilo, alisema alimwona mwenzake mlangoni pa nyumba hiyo kwenye saa 12:37 au 12:38.

Ukifuata kauli ya mahakamani, Wallace alikuwa na dakika 19. Ukimfuata mvulana wa magazeti, zinabaki 11 au 12. Ukiifuata kauli ya kwanza ya mvulana wa maziwa, zinabaki 4 tu za kuua, kujisafisha damu, kuficha silaha na kuifanya nyumba ionekane imeibiwa. Katika nguo alizovaa haikuonekana damu. Daktari naye hakusaidia: aliyefika saa 3:50 usiku alitegemea kukakamaa kwa maiti bila kupima joto lake, akakadiria kifo kilitokea karibu saa 2 usiku, kisha akarudisha nyuma hadi karibu saa 12 jioni, wakati mvulana wa maziwa alikuwa bado hajafika mlangoni.

Ratiba ya kweli hapa ingeandikwa kwa mipaka: Julia alionekana hai kati ya saa 12:30 na 12:45, naye Wallace aliondoka kabla ya 12:49 kupita. Mashtaka yalihitaji ncha moja tu ya mpaka huo. Juri ilijadiliana kwa takribani saa moja ikamtia hatiani, akahukumiwa kunyongwa. Tarehe 19 Mei 1931 Mahakama ya Rufani ya Jinai ilifuta hukumu hiyo kwa sababu ushahidi haukuweza kuibeba, jambo ambalo kabla ya hapo haikuwahi kulifanya katika kesi ya mauaji. Wallace alifariki dunia Februari 1933 kwa maradhi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kutiwa hatiani kwa kifo cha Julia.