Gari la zamani la kudrifti: anza na bodi, injini baadaye

Ukiona video ya gari linalokata kona kwa ubavu, matairi ya nyuma yanatoa moshi na usukani umegeuzwa kinyume cha kona, hiyo ndiyo drifti. Dereva hajashindwa na gari. Ameyaserereza matairi ya nyuma kwa makusudi, na anaendelea kulishika gari katika hali hiyo kwa mafuta na usukani. Mengi ya magari yanayopendwa katika mchezo huu yalitengenezwa zaidi ya miaka 20 iliyopita. Tunaeleza hapa kwa nini, na nini cha kuangalia kabla ya kulipa, maana ni rahisi kumaliza fedha za mavuno mawili kwenye gari lililooza chini ya rangi nzuri.

Mchezo huu ulikulia Japani, kwenye barabara za milimani. Aliyeutangaza kuliko wengine ni dereva Keiichi Tsuchiya, aliyezaliwa 1956, na gari lililotajwa sana pamoja na jina lake ni Toyota AE86, iliyotengenezwa kuanzia 1983 hadi 1987. Hiyo ni Corolla. Corolla nyingine nyingi za kizazi kile zilikuwa zimehamia mfumo wa kuvutwa na magurudumu ya mbele, lakini AE86 ilibaki kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini yake ni ya lita 1.6, yenye nguvu za farasi zipatazo 130 tu, na gari zima lina uzito usiofika tani moja. Kilichoifanya ing'ae ni wepesi wake na magurudumu ya nyuma yanayosukuma.

Hilo ndilo sharti la kwanza, na halina mjadala: gari lisukumwe na magurudumu ya nyuma. Gari linalovutwa na ya mbele likizidishiwa mafuta kwenye kona hunyooka na kuelekea nje. Subaru Impreza inayopendwa sana Kenya nyingi zake husukuma kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo hung'ang'ania ardhi. Ni sifa nzuri kwenye tope la kijijini, lakini si kwa drifti. Hata Nissan Skyline GT-R yenye sifa duniani kote iko kundi hilohilo. Ndugu yake wa bei ya chini, GTS-t ya mwaka 1989 hadi 1993, ndiye wa kudrifti.

Na kwa nini la zamani? Magari mapya yana kompyuta inayozuia kuserereka: gari likianza tu kutupa mkia, inapunguza nguvu ya injini na kukamata breki yenyewe. Mengi pia yana breki ya mkono ya kubonyeza kitufe, wakati dereva wa drifti anahitaji mkono wa kuvuta. Gari la zamani halikuingilii. Likikosea, ni wewe uliyekosea, na ndivyo mtu anavyojifunza.

Nissan Silvia ndiyo iliyotawala baada ya AE86. Ilitoka kwa sura tatu zinazotafutwa: S13 kuanzia 1988, S14 kuanzia 1993, na S15 kuanzia 1999 hadi 2002. Ni magari mazuri mno, na kwa sababu hiyo bei zimepanda. Marekani inaruhusu gari la nje kuingia bila masharti mengi likifikisha miaka 25, hivyo Wamarekani nao wako sokoni wakigombea magari yaleyale. AE86 ndiyo usiiwazie kabisa. Katuni ya Initial D, iliyoanza 1995, ilimpa kijana anayesambaza tofu gari hilo, na tangu hapo wengi wanalinunua kwa kulipenda tu.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, gari la maana zaidi tayari liko mtaani kwetu. Toyota Mark II na Chaser za mwaka 1996 hadi 2001 zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, zina shina refu linalotulia kwenye kona, na mafundi wetu wanazijua kwa kufumba macho. Tanzania watu huziita kwa namba ya bodi tu, GX100. Japani bodi hiyohiyo ikiwa na injini ya 1JZ yenye turbo, ya nguvu za farasi 280, ndiyo Chaser maarufu ya mashindano. Iliyo mtaani kwetu mara nyingi ina injini ya 1G ya lita 2 isiyo na turbo. Inatosha kwa anayejifunza, hasa kwenye uwanja uliomwagiwa maji. Tatizo lake ni gia: nyingi ni za otomatiki. Kuibadili kuwa ya gia za mkono kunahitaji giaboksi, klachi, pedali, propela na kazi ya umeme, kwa hiyo piga hesabu hiyo kabla ya kufurahia bei. Toyota Altezza, iliyoanza kuuzwa 1998, ni fupi na nyepesi zaidi, na zipo zilizotoka kiwandani na gia 6 za mkono. Ukiipata hiyo ikiwa nzima, sisi tungeichukua mbele ya Mark II.

Sasa difu. Umewahi kuona trekta limenasa kwenye tope, gurudumu moja linazunguka bure na jingine limetulia? Difu ya kawaida hupeleka nguvu kule kwenye wepesi. Trekta lina pedali ya kufunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Gari la drifti linahitaji kitu cha namna hiyo, la sivyo tairi la ndani ya kona litazunguka bure na gari litanyooka. Kuna njia ya kupima. Inua nyuma yote kwa jeki, uweke stendi imara, gia iwe nyutro na breki ya mkono imeachiwa. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Jingine likizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Likifuata upande uleule, difu inabana, au kuna mtu ameichomelea. Kuchomelea ni rahisi kwa bei, lakini gari litakuwa linakwaruza matairi kila kona ndogo na kuzichosha ekseli. Gari la namna hiyo si la kwendea sokoni.

Kinachoua ndoto nyingi ni kutu. Kaskazini mwa Japani barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma kutoka chini. Kwetu, gari lililoishi pwani lina hatari hiyohiyo. Ingia chini na tochi. Angalia chini ya milango, mikunjo ya matairi ya nyuma, na pale juu shokapu inaposhikwa na bodi. Chukua sumaku ya spika mbovu, uifunge kitambaa, uipitishe kwenye rangi. Isiposhika, hapo pana fila badala ya bati. Ukiagiza kutoka mnada wa Japani, omba karatasi ya ukaguzi: alama ya S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula, na daraja la R ni gari lililogongwa likatengenezwa.

Injini iwashwe ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wenye rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili. Drifti huchemsha injini kuliko safari ndefu, kwa hiyo rejeta iliyoziba haitavumilia hata mizunguko michache.

Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda imezuia ya miaka 15 na zaidi, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari chakavu. Kwa hiyo wengi watanunua gari lililokwisha ingia. Linganisha namba ya chesisi na kadi, na kama injini ilibadilishwa, namba yake nayo iwe kwenye kadi. Usitumie fedha zote kwa mwenye gari: matairi mawili ya nyuma yanaweza kwisha kwa siku moja ya mazoezi, na mazoezi yenyewe yafanyike kwenye uwanja uliofungwa, kwa ruhusa ya mwenye uwanja, si barabarani wanakopita watoto wa shule na bodaboda.