Mchanga, Chumvi na Pikipiki ya Matairi Manne

Muuzaji wa pikipiki ya matairi manne iliyokwisha tumika hukuonyesha vitu viwili kwanza: rangi na mita. Rangi hupigwa asubuhi moja ikakauka kabla ya adhuhuri. Mita nayo, hata isipochezewa, inasema mashine imetembea kiasi gani, haisemi imetembea wapi. Kwa gari la lami pengo hilo si kubwa. Kwa mashine hii ndilo jambo lenyewe, maana kilomita elfu moja za shamba lenye vumbi huko Iringa na kilomita elfu moja za ufukwe wa Nungwi haziharibu vitu vilevile. Kwa hiyo kabla hujainama kukagua chochote, uliza ilikuwa ikifanya kazi wapi. Jibu likishapatikana, utajua pa kuchunguza kwanza.

Tuseme imetoka bara. Adui wa huko ni vumbi, na ubaya wa vumbi uko kwenye ugumu wake. Mchanga mwingi wa bara una kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho huanzia 1 kwa talki na kuishia 10 kwa almasi. Chuma cha kawaida hakifiki hapo. Chembe ya kwatzi ya mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, haionekani kwa macho, lakini utando wa oili kati ya ringi ya pistoni na ukuta wa silinda ni mwembamba kuliko chembe hiyo. Ikipenya, inakwaruza. Zikipenya nyingi kwa miezi kadhaa, injini inapoteza nguvu na kuanza kula oili.

Ndiyo maana mimi ningeanza na kisanduku cha hewa, hata kabla ya kuomba ufunguo. Kwenye mashine nyingi kiko chini ya kiti. Kifungue, toa chujio, kisha pitisha kitambaa cheupe ndani ya mrija unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Upande wa nje wa chujio kuwa mchafu ni kawaida, ndiyo kazi yake. Upande wa ndani hautakiwi kuwa na kitu. Kitambaa kikitoka na vumbi, injini imekuwa ikivuta mchanga, na hakuna uoshaji utakaorudisha chuma kilicholika. Mashine nyingi hutumia chujio la sponji ambalo sharti lilowanishwe kwa oili maalumu, kwa kuwa ni ule unato unaonasa chembe ndogo. Wenye haraka hulipuliza kwa kompresa na kulirudisha likiwa kavu. Sponji kavu huzuia majani na wadudu, vumbi laini linapita.

Sasa injini. Ikute ikiwa baridi. Shika eksozi kwa mkono. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, na huenda ana sababu. Pistoni ni ya aluminiamu, nayo hutanuka kwa joto haraka kuliko chuma. Injini iliyolika hugonga inapoamka, kwa kuwa pistoni inayumba ndani ya silinda iliyopanuka. Ikipata moto, pistoni inavimba, pengo linapungua, na mlio ule wa kugonga unafifia. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Mweusi, petroli imezidi hewa. Mweupe mzito usiokoma kwenye injini inayopozwa kwa maji ni dalili kwamba maji yanaingia kwenye silinda.

Fundi akikuambia atapima kompresheni, mkubalie, lakini usiiamini namba peke yake. Injini nyingi za aina hii zina kifaa kinacholegeza vali ya kutolea moshi kidogo wakati wa kuwasha ili stata isielemewe, kwa hiyo kipimo kinaweza kuwa chini ilhali injini ni nzima. Kipimo bora ni cha kuvuja: pistoni inawekwa juu kabisa vali zikiwa zimefungwa, hewa ya kompresa inaingizwa kupitia tundu la plagi, halafu mnasikiliza inatokea wapi. Ikitoka kwenye eksozi, vali ya kutolea moshi haifungi. Ikitoka upande wa kabureta, ni vali ya kuingizia. Ikitoka kwenye mrija wa kupumulia wa sehemu ya oili, ringi zimekwisha. Na rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi imepasuka. Ni kipimo cha dakika chache kinachokutajia hadi kiungo chenye ugonjwa, na nashangaa kwamba wanunuzi wengi hawakiombi.

Ya pwani ni habari nyingine kabisa. Mchanga mweupe wa fukwe za Unguja na Diani kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani kalsiamu kaboneti, ambayo ugumu wake ni kati ya 3 na 4. Kwa silinda, huo ni mchanga mpole. (Njia za ndani za vijijini zina udongo mwingine, kwa hiyo kitambaa cheupe bado kina kazi.) Kinachoua pwani ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na maji hayo hupitisha umeme vizuri. Pale boliti ya chuma inapoingia kwenye aluminiamu, maji ya chumvi huzigeuza metali hizo mbili kuwa betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Tafuta unga mweupe kuzunguka boliti za injini na vikombe vya breki. Kisha chomoa soketi moja au mbili za nyaya: shaba iliyogeuka kijani ndani ya soketi inakuahidi taa zinazozimika na stata inayokataa bila mpangilio. Injini unaweza kuifungua na kuijenga upya. Kufukuza hitilafu za umeme kwenye nyaya zilizolika ni kazi isiyo na mwisho.

Iwe ya bara au ya pwani, uliza habari za mito na madimbwi. Giaboksi na difu huwa na joto mashine ikifanya kazi. Chukua difu yenye nyuzi 80 za Selsiasi ikatumbukia kwenye maji ya nyuzi 25: hewa iliyomo inasinyaa, na kama haina pa kuingilia, mgandamizo wake unashuka kwa karibu sehemu moja ya sita. Upungufu huo unavuta maji kupitia sili za ekseli. Ndiyo kazi ya vile vijirija vya kupumulia vinavyopandishwa hadi karibu na usukani, na kimoja kikikatika au kuziba na tope, difu inakunywa mto. Legeza nati ya kumwagia oili kidogo tu. Oili yenye maji hutoka kama chai ya maziwa. Kama nati ina sumaku, tazama kilichonata: uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande vinavyochoma kidole ni meno ya gia.

Matairi nayo hutoa ushahidi, mara nyingine kinyume na maneno ya mwenyewe. Tairi la mashine hii hujazwa upepo kidogo sana, kwa kawaida psi 3 hadi 7, ili litambae juu ya mchanga. Likilika katikati huku pembeni kuna meno mazima, lilijazwa upepo mwingi na kukimbizwa kwenye lami.

Mashine iliyokuwa ya kukodisha watalii imeendeshwa na watu ambao wengi wao walikuwa wanaishika mara ya kwanza. Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, ni viungo vya mikono ya mbele. Hivyo vyote hununuliwa na kubadilishwa, ni suala la kupunguza bei. Fremu haibadilishwi. Nyoosha usukani, chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto. Vipimo vikitofautiana waziwazi, iligonga kitu. Rangi mpya kwenye maungio ya fremu tu, kwingine ikiwa ya zamani, ikwaruze uone kilichochomelewa.

Namba ya fremu ilinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Nyingi zina tarakimu na herufi 17, na utaratibu wa kimataifa hauruhusu I, O wala Q, kwa kuwa zinafanana mno na 1 na 0. Ukiikuta mojawapo imegongwa kwenye chuma, kuna mtu ameandika namba hiyo mwenyewe, na hapo hata bei usiulize.