Haipabola na chuku ni ndugu

Mwalimu wa fasihi akisema kwamba 'alilia hadi mito ikafurika' ni chuku, darasa zima linaelewa papo hapo. Mwenzake wa hisabati akitaja haipabola, kimya! Kumbe haipabola na jina la Kiingereza la chuku yametoka tumbo moja: Kigiriki, kwa maana ya kurusha kupita kiasi. Chuku hupita kiasi cha ukweli. Haipabola je, hupita nini?

Apollonius wa Perga, miaka 200 hivi kabla ya Kristo, alilinganisha eneo la mraba na la mstatili katika michirizo mitatu. Mraba ukipungua, huo ni mchirizo tunaouita duaradufu, ukilingana, parabola, ukizidi, haipabola. Basi jina ni maelezo. Ila maelezo hayo yamefungiwa ndani ya Kigiriki, na mtoto wa Dandora, ambaye nje ya darasa huongea Kiswahili na Sheng, anayapokea kwa Kiingereza. Akishindwa na lugha, tunaandika kwamba ameshindwa na hesabu.

Sisemi tubuni neno jipya la haipabola. Hilo tulikope tu. Ninachodai ni kwamba maelezo yake yawe Kiswahili. Hebu tujaribu.

Lori la taka linaelekea jaa la Dandora, gurudumu linapasuka: paa! Watu wawili wamesimama kilomita moja mbali na mwenzake, mmoja magharibi, mmoja mashariki. Wa mashariki anausikia mlio kwanza. Wa magharibi anausikia sekunde 1.75 hivi baadaye. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo lori liko mbali na wa magharibi kwa mita 600 zaidi. Liko wapi hasa? Hatujui bado, lakini kila mahali panapotimiza tofauti hiyo pamo kwenye mchirizo mmoja, nao ni tawi la haipabola. (Tawi la pili lingehusika kama wa magharibi ndiye angesikia kwanza.)

Pale wasikilizaji waliposimama wataalamu hupaita fokasi. Ni Kepler aliyeleta jina hilo mwaka 1604, na kwa Kilatini maana yake ni jiko. Mimi ningesema 'jiko' bila haya: haipabola ina meko mawili, na sarufi yetu haina shida nalo.

Sasa tuutafute mlinganyo. Kipimo kimoja kiwe mita 100, na sufuri iwe katikati ya meko. Kila jiko liko vipimo 5 kutoka hapo. Tofauti ya umbali ni 6. Nusu yake, 3, ndiyo inayoonyesha vipeo, yaani pale matawi yanapokata mstari unaounganisha meko. (Neno kipeo lina udhia kidogo, kwani katika hesabu hutumika pia kwa 'kipeo cha pili'.) Kisha 25 toa 9 ni 16. Mlinganyo ni huu:

x²/9 − y²/16 = 1

Usiniamini, pima. Simama mita 533 kaskazini mwa jiko la mashariki. Kutoka hapo hadi jiko la magharibi ni mita 1,133 hivi. Toa: 600.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, majeshi yalitafuta mizinga ya adui iliyofichwa kwa hesabu ya namna hii hii, ila yaliweka wasikilizaji zaidi ya wawili. Nasi tukimpata wa tatu, tuseme yuko upande wa kusini, saa yake itatupa haipabola nyingine. Pale itakapoikata ya kwanza ndipo fundi apeleke jeki.